Mkubwa wa Kazi Mbele ya Mungu

Somo kwa wakatekista na kwa Wakristu wenye kuongoza biashara

I. Boazi shambani mwake

Yalikuwa majira ya kuvuna shayiri katika nchi ya Bethlehemu. Boazi, mtu tajiri mwenye mashamba, alitoka mjini akaenda kuwatazama wavunaji wake. Kitabu cha Ruthu, katika sura ya pili, chasimulia ya kuwa neno la kwanza alilolitamka alipofika halikuwa swali la kazi wala kemeo, bali salamu. Aliwaombea wavunaji Bwana awe pamoja nao, nao wakamwitikia kwa kumwombea baraka ya Bwana. Baada ya salamu hiyo alimwuliza kapita wa wavunaji habari za mwanamke mgeni aliyekuwa akiokota masuke nyuma yao. Kapita akajibu ya kuwa ndiye yule Mmoabu aliyekuja pamoja na Naomi, na kwamba alikuwa kazini tangu asubuhi. Huyo ndiye Ruthu, mjane asiye na shamba wala mume.

Ndipo Boazi alipoamuru mambo manne. Vijana wasimguse mwanamke yule. Akiona kiu, anywe katika vyombo vya maji ya wafanyakazi. Saa ya chakula aketi pamoja nao, ale mkate. Tena wavunaji wachomoe masuke katika miganda na kuyaacha chini makusudi, ili ayaokote bila kukemewa. Jioni Ruthu alipoipiga shayiri yake, ilipata kiasi cha efa moja, ndiyo chakula cha siku nyingi kwa wajane wawili.

Habari hii ni fupi, lakini ina fundisho kubwa. Boazi hakuacha kuwa mwenye shamba. Shayiri yake ilivunwa, na usiku alilala kando ya rundo la nafaka yake kama mtu aangaliaye mali yake vizuri. Hakuwa mpumbavu wa kutapanya. Lakini alijua ya kuwa wale waliomvunia walikuwa watu, si majembe. Na ya kuwa yule mgeni aliyekuwa nyuma ya wote alikuwa na haki yake. Kwa maana Sheria ya Musa ilimwamuru mwenye shamba asivune mpaka pembeni kabisa, wala asirudi kuokota mabaki, bali awaachie maskini na mgeni (Walawi 19, 9-10). Boazi aliitimiza sheria hiyo, tena akaizidi. Na katika ukoo wake alizaliwa mfalme Daudi, na katika ukoo wa Daudi alizaliwa Yezu Kristu, Mkombozi wa watu wote.

Siku hizi katika Kongo wako Wakristu wengi wenye kuongoza kazi za wengine. Mmoja ana magazini mjini Bukavu, naye ameajiri wauzaji watatu. Mwingine ana magari ya kubeba mizigo kati ya Lubumbashi na Kolwezi. Mwingine anaoka mikate Kisangani. Mwingine ananunua kahawa kwa wakulima wa Butembo. Mama mmoja ananunua samaki Kalemie, kando ya ziwa Tanganyika, na kuwapeleka katika masoko ya mbali, akiwa na vijana wa kumsaidia. Wote wamebatizwa. Wengi wao ni watu wa sala. Wametoa mabati ya kanisa na kulipa karo za yatima. Lakini swali la somo hili ni hili: imani ya mkubwa wa kazi yaonekana wapi? Maandiko Matakatifu hayajibu ya kuwa yaonekana katika sadaka yake ya Jumapili tu. Yaonekana hasa mahali patatu: kwenye mizani, siku ya mshahara, na saa ya rushwa.

II. Mali ni ya nani?

Kwanza yafaa kuweka msingi. Zaburi ya 24 yakiri ya kuwa nchi na vyote viijazavyo ni vya Bwana. Basi hakuna tajiri aliye mwenye mali kabisa. Kila mmoja ni msimamizi aliyewekwa kwa muda, na siku moja ataitwa kutoa hesabu, kama yule msimamizi wa Injili ya Luka, sura ya 16.

Hata hivyo haifai kufundisha ya kuwa biashara ni dhambi. Katika mfano wa talanta (Mateo 25) wanaosifiwa ni watumishi wawili waliofanya biashara wakapata faida; anayekemewa ni yule aliyefukia talanta yake katika udongo kwa hofu. Kazi ya mfanyabiashara ni njema kwa asili yake. Hupeleka chumvi pasipo na chumvi, dawa pasipo na dawa, na humpa kijana kazi ambaye bila hiyo angezurura barabarani. Faida yake ya haki ni malipo ya jasho lake, ya akili yake na ya hatari aliyojitia.

Lakini kazi iliyo njema yaweza kuwa na utelezi. Yoshua bin Sira, mtu mwenye hekima, aliona ya kuwa mfanyabiashara hujiokoa na kosa kwa shida. Alifananisha dhambi na kigingi kilichokazwa kati ya mawe mawili: hivyo ndivyo inavyojipenyeza kati ya kununua na kuuza (Sira 26 na 27). Hakusema hivyo ili kuwatukana wafanyabiashara, bali ili wajilinde. Mtu ajuaye ya kuwa njia inateleza hushika fimbo.

III. Kwenye mizani

Sheria ya Musa yasema waziwazi habari za mizani. Kitabu cha Walawi chaamuru mizani ya haki, mawe ya haki ya kupimia na vipimo vya haki (19, 35-36). Kumbukumbu la Torati lamkataza mtu kuwa na mawe mawili mfukoni, moja zito na moja jepesi (25, 13-15). Kwa nini mawili? Kwa sababu mdanganyifu wa siku zile alitumia jiwe zito anunuapo na jiwe jepesi auzapo. Kitabu cha Mithali chaongeza ya kuwa mizani ya hila ni chukizo kwa Bwana (11, 1). Neno hilo chukizo ndilo Maandiko yanalolitumia kwa ibada ya sanamu. Basi machoni pa Mungu mizani ya uongo yafanana na mungu wa uongo.

Nabii Amosi alihubiri katika karne ya 8 kabla ya Kristu, wakati wa mfalme Yeroboamu wa pili, ambapo nchi ya Israeli ilikuwa na mali nyingi. Aliwakemea wafanyabiashara walioona sikukuu ya mwezi mpya na Sabato zinakawia kwisha. Walitamani kufungua ghala zao, wapunguze kipimo, waongeze bei, na kuuza hata makapi ya ngano (Amosi 8, 4-6). Yafaa kuangalia jambo moja: watu hao waliishika Sabato. Siku ya Bwana maduka yao yalifungwa. Mwili ulikuwa katika ibada, lakini moyo ulikuwa sokoni pamoja na kopo lililopunguzwa. Nabii hakuwahesabia Sabato hiyo kuwa kitu.

Hila za leo zimebadilika sura tu. Kopo la kupimia maharage hugongwa tako lake mpaka liingie ndani. Gunia la sementi hufunguliwa, hupunguzwa, kisha hushonwa tena. Mafuta ya mawese hutiwa maji, petroli hutiwa mafuta ya taa. Dawa iliyopita siku zake hubandikwa karatasi mpya. Udhuru ni mmoja siku zote: wote wanafanya hivyo, na asiyefanya hafiki mwisho wa mwezi. Lakini mwizi hawi mwenye haki kwa kuwa majirani zake pia ni wezi. Tena mama aliyepunguziwa unga hakupunguziwa na watu wote. Amepunguziwa na mtu mmoja mwenye jina la ubatizo.

Hapa mkubwa wa kazi ana deni kuliko mwuzaji wake. Mwenye magazini akimwambia mwuzaji, «Gunia hili lilete faranga kadha,» naye ajua ya kuwa kwa kipimo cha haki haliwezi kuleta faranga hizo, basi yeye ndiye aliyeligonga kopo, hata kama mkono wake haukuligusa. Amemwachia kijana maskini dhambi, naye akachukua faida. Na kijana yule, akiisha kufundishwa kumwibia mnunuzi, hatakawia kumwibia tajiri mwenyewe. Hiyo si laana tu. Ndiyo mavuno ya mbegu iliyopandwa.

IV. Siku ya mshahara

Sheria ya Musa yakataza ujira wa kibarua kulala kwa mwajiri mpaka asubuhi (Walawi 19, 13). Kumbukumbu la Torati lataja sababu: kibarua ni maskini, na moyo wake waungoja ujira huo, akinyimwa atamlilia Bwana, na mwajiri atahesabiwa dhambi (24, 14-15). Mtume Yakobo alirudia fundisho hilo katika waraka wake. Aliwaambia matajiri ya kuwa ujira walioushika kwa hila unapiga kelele, na kilio cha wavunaji kimefika masikioni mwa Bwana (5, 4). Kwa ajili hiyo katekisimu ya Kanisa yaweka dhambi ya kumdhulumu mfanyakazi mshahara wake kati ya dhambi zinazolia mbinguni, pamoja na damu ya Abeli.

Kwa nini ukali wa namna hiyo? Mtu aliyeibiwa mbuzi aweza kupata mbuzi mwingine. Lakini kibarua ameuza siku yake, na siku iliyokwisha hairudi. Ametoa nguvu za mwili wake, na nguvu hizo zimekwisha kuwa ukuta wa nyumba ya tajiri. Ukuta umesimama, naye hana unga. Nabii Yeremia alimtangazia ole mtu ajengaye nyumba yake bila haki, akimtumikisha mwenziwe bila ujira (22, 13).

Papa Leo XIII, katika barua yake Rerum Novarum ya tarehe 15 Mei 1891, alifundisha jambo ambalo wenye viwanda wengi wa wakati ule hawakupenda kulisikia. Alisema ya kuwa mapatano peke yake hayatoshi kuufanya mshahara uwe wa haki. Mtu mwenye njaa hukubali mshahara wowote. Kukubali kwake si uhuru, ni kulazimishwa na njaa. Mshahara wa haki lazima umtoshe mfanyakazi mwenye kiasi na mwenendo mwema apate kuishi. Papa Yohane Paulo II, katika barua Laborem Exercens ya mwaka 1981, aliongeza ya kuwa mshahara wa haki ndicho kipimo cha kujua kama utaratibu wote wa uchumi ni wa haki. Basi mshahara ni mizani vilevile, na anayepimwa juu yake ni mwajiri.

Kabla ya barua ile ya mwaka 1891 alikuwapo mwenye kiwanda mmoja nchini Ufaransa aliyekwisha kuanza kuyatenda mambo hayo. Jina lake Léon Harmel, aliyezaliwa mwaka 1829. Baba yake alikuwa na kiwanda cha kusokota nyuzi za sufu mahali panapoitwa Val-des-Bois, si mbali na mji wa Reims. Léon alishika uongozi wa kiwanda hicho angali kijana. Katika viwanda vya nchi ile wakati ule wafanyakazi wengi walikaa katika ufukara, nao walikuwa wakiliacha Kanisa kwa wingi. Harmel hakuona ya kuwa yatosha kuwahubiria. Alitaka haki ionekane katika kiwanda chenyewe. Kiwanda chake kilipumzika Jumapili. Alisaidia kuanzisha vyama vya wafanyakazi, shule, na chama cha akiba. Mwaka 1874 kiwanda kiliteketea kwa moto. Kikajengwa tena, na kazi ikaendelea.

Mwaka 1891 ulianzishwa mfuko wa jamaa. Harmel alitambua ya kuwa mshahara uleule unaomtosha kijana asiyeoa haumtoshi baba mwenye watoto sita. Basi walihesabu fedha inayoingia katika nyumba na vinywa vilivyomo. Na jamaa ambayo fungu lake la kila siku lilipungua chini ya kiasi kilichowekwa iliongezewa kutoka mfuko huo. Nchi ya Ufaransa ilikuja kutoa sheria ya namna hiyo kwa wafanyakazi wa viwanda na biashara mwaka 1932 tu, yaani miaka 41 baadaye.

Jambo jingine laonyesha hekima yake zaidi. Harmel hakupenda kuwafanyia wafanyakazi mema juu ya vichwa vyao, kama mtu anavyowalisha kuku. Alishika kanuni ya kuwa mema ya mfanyakazi yafanywe na mfanyakazi mwenyewe, pamoja naye, wala kamwe si bila yeye. Kwa hiyo liliundwa baraza la kiwanda, ambalo wajumbe waliochaguliwa na wafanyakazi walizungumza ndani yake na wakubwa habari za mishahara, za hatari za kazi na za amri za kiwanda. Aliwapeleka wafanyakazi wa Ufaransa kuhiji Roma kumwona Papa Leo XIII. Mwaka 1887 walikwenda watu wapatao 1,800, na mwaka 1889 walikwenda wapatao 10,000. Wafanyakazi wake walimwita Baba Mwema. Alifariki mwaka 1915.

Huenda mwenye magazini ndogo akasema ya kuwa yeye si tajiri wa kiwanda, na kwamba miezi mingine fedha hakuna kweli. Neno hilo laweza kuwa kweli. Njia zikiharibika, gari likianguka, vita vikifunga barabara, hata mtu mwema hupungukiwa. Lakini kuna tofauti kubwa kati ya mtu asiyekuwa na mtu asiyetaka. Asiyekuwa huwaita watu wake, huwaonyesha hesabu, hutaja siku ya kulipa, na hujipunguzia yeye kwanza kabla ya kumpunguzia mfanyakazi. Asiyetaka hujificha siku ya mwisho wa mwezi, huwatuma watoto waseme amesafiri, na juma lifuatalo huonekana na gari jipya. Wafanyakazi huijua tofauti hiyo vizuri sana. Mungu aijua zaidi.

V. Saa ya rushwa

Mahali pa tatu ni pagumu kuliko pote, kwa kuwa pameshazoewa. Kitabu cha Kutoka chafundisha ya kuwa rushwa huwapofusha wenye kuona na kuyapotosha maneno ya wenye haki (23, 8). Rushwa haimfundishi mtu kusema uongo tu. Yamwondolea macho, hata asiuone uovu ulio mbele yake.

Juu ya jambo hili Kanisa la Kongo limepewa mfano katika nchi yenyewe. Mwenye Heri Floribert Bwana Chui alizaliwa Goma tarehe 13 Juni 1981. Alisoma sheria. Alikuwa mwanachama wa Jumuiya ya Sant'Egidio, na humo aliwahudumia watoto wa barabarani, akiwafundisha na kuketi nao. Baadaye alipata kazi katika ofisi ya serikali yenye kukagua bidhaa, naye akawekwa mpakani Goma, akiwa na madaraka juu ya bidhaa zilizoharibika. Ililetwa shehena ya chakula kilichooza. Aliahidiwa fedha ili akipitishe. Alikataa. Alitishwa, akakataa tena. Kwa maana chakula hicho kingeliwa na watu, na kati yao wale watoto wasio na mtu wa kuwatetea. Alitekwa tarehe 7 Julai 2007, akauawa. Maiti yake ilipatikana tarehe 9. Alikuwa na umri wa miaka 26.

Tarehe 2 Februari 2023, mjini Kinshasa, Papa Fransisko aliwataja vijana wa Kongo mfano wake. Tarehe 15 Juni 2025, katika Basilika la Mtakatifu Paulo nje ya kuta za Roma, Floribert alitangazwa kuwa Mwenye Heri na mfiadini. Kanisa limetambua hivyo ya kuwa mtu aliyeuawa kwa kukataa rushwa kwa ajili ya Kristu ameuawa kwa ajili ya imani.

Mara nyingi habari hii husimuliwa kuwa fundisho kwa wafanyakazi wa serikali. Ni kweli. Lakini ni fundisho vilevile kwa wafanyabiashara, kwa kuwa rushwa haina mkono mmoja. Haipokelewi isipokuwa imetolewa. Kila mkaguzi anapoahidiwa fedha ili apitishe gunia lililooza, yuko mtu mwenye shehena aliyehesabu hasara yake na kuona afadhali watu waugue kuliko yeye apoteze. Basi mkubwa wa kazi asiulize tu, «Mimi ningekuwa Floribert, ningefanya nini?» Ajiulize pia ni mara ngapi amesimama upande wa pili wa meza ile, akiwa na bahasha mkononi.

Katekista ataulizwa swali moja juu ya hapo, naye yafaa awe na jibu. Watu watasema: «Mwalimu, bila kutoa kitu hata karatasi ya haki haipatikani.» Ajibu kwa kupambanua. Mtu atoaye fedha ili apitishe bidhaa mbaya, ili akwepe kodi ya haki, au ili amnyang'anye mwenziwe kazi, huyo ametenda dhambi nzito, naye amemnunua mwenziwe aingie dhambini pamoja naye. Mtu anayebanwa na mwenye cheo, asipewe haki yake mpaka atoe, huyo ameibiwa, na dhambi kubwa iko juu ya mwenye kumbana. Hata hivyo asizoee. Adai karatasi ya malipo. Aungane na wafanyabiashara wengine wenye nia moja, kwa maana kumi wanaokataa pamoja hawabanwi kwa urahisi kama mmoja. Wala asiwatume vijana wake wakatoe kwa niaba yake, ili mikono yake ionekane safi.

VI. Kuongoza ni kutumika

Yezu Kristu aliwafundisha mitume wake ya kuwa wakubwa wa mataifa huwatawala watu kwa mabavu, lakini kati yao isiwe hivyo. Anayetaka kuwa mkubwa awe mtumishi (Marko 10, 42-45). Neno hilo halikusemwa kwa mapadri na watawa tu. Lamhusu pia mwenye ufunguo wa ghala.

Dalili ya mkubwa aliye mtumishi ni kusikiliza. Yobu, alipojitetea mbele ya Mungu, hakutaja sadaka zake peke yake. Alisema ya kuwa hakuidharau haki ya mtumwa wake aliposhindana naye, kwa kuwa Muumba mmoja aliwaumba wote wawili tumboni (Yobu 31, 13-15). Mkubwa asiyesikiliza huzungukwa na wasifu. Nao humficha hasara mpaka siku ghala linapokuwa tupu.

Dalili nyingine ni namna ya kuchagua makapita. Yetro alimshauri Musa achague watu hodari, wenye kumcha Mungu, wa kweli na wenye kuchukia mali ya dhuluma (Kutoka 18, 21). Hakusema awachague watu wa ukoo wake. Hapa ndipo wakubwa wengi wanapoumia. Mpwa huja kutoka kijijini, naye huwekwa kwenye sanduku la fedha, si kwa kuwa anajua hesabu bali kwa kuwa ni mpwa. Mfanyakazi mwaminifu wa miaka kumi huona amewekwa chini ya mtoto, na moyo wake hupoa. Kuwasaidia ndugu ni wajibu wa upendo, wala Mkristu haukani. Lakini ndugu asaidiwe kutoka mfuko wa tajiri mwenyewe, si kutoka mishahara ya wengine. Akiajiriwa, aajiriwe kwa kazi anayoiweza, apimwe kwa kipimo kile kile, na akiiba akemewe kama yeyote.

VII. Kurudisha

Huenda msomaji fulani, baada ya kusoma hayo, akaona moyo wake wamshtaki. Asikate tamaa. Zakayo alikuwa mkubwa wa watoza ushuru, tena tajiri. Bwana Yezu alikwenda nyumbani kwake kabla Zakayo hajarudisha hata senti moja. Lakini Bwana alipoingia, Zakayo alisimama, akaahidi kuwapa maskini nusu ya mali yake, na kumrudishia mara nne kila aliyemdhulumu (Luka 19, 1-10). Hakuishia kulia, alifungua sanduku.

Ndiyo sababu Kanisa hufundisha ya kuwa toba ya mwizi haitimii bila nia ya kurudisha. Muungamaji asidhani ya kuwa mshahara alioudhulumu umefutwa kwa kuungama tu. Maondoleo yamefuta dhambi, deni lingalipo. Akimjua aliyemdhulumu, amrudishie. Akiwa amefariki, awape warithi wake. Akiwa hawajui, kama mtu aliyetumia kopo la uongo kwa miaka mingi, awape maskini kiasi kinacholingana, wala asikihesabu kuwa sadaka yake. Asipoweza kurudisha yote mara moja, aanze kidogo kidogo, kwa moyo wa kweli.

Boazi aliwasalimu wavunaji wake kwa jina la Bwana, nao wakamwitikia. Mtu ambaye kopo lake ni zima, mishahara yake imelipwa na mikono yake haina bahasha, aweza kuingia kazini asubuhi na kulitaja jina la Bwana mbele ya watu wake bila aibu. Nao wakimwitikia kwa baraka, itakuwa baraka ya kweli, wala si woga.

Maswali ya kujifunza

1. Boazi aliamuru mambo gani manne kwa ajili ya Ruthu? Ni lipi lililoamriwa na Sheria, na ni yapi aliyoyaongeza kwa wema wake?
2. Kwa nini Nabii Amosi hakuwasifu wafanyabiashara walioishika Sabato?
3. Tajiri anawezaje kuwa na hatia ya kipimo cha uongo ambacho hakukigusa?
4. Kwa nini mapatano kati ya tajiri na kibarua hayatoshi kuufanya mshahara uwe wa haki?
5. Mfuko wa jamaa wa Val-des-Bois ulifanya kazi namna gani? Chama cha wafanyabiashara wa parokia kingeweza kuanza na jambo gani dogo la namna hiyo?
6. Mwenye Heri Floribert anawafundisha nini watoaji wa rushwa?
7. Muungamaji asiyewajua aliowapunguzia afanye nini?

Azimio la juma

Kila mkubwa wa kazi akikague kipimo chake kwa macho yake mwenyewe. Kisha aandike majina ya wale anaodaiwa nao mshahara, kiasi cha kila mmoja, na siku atakayowalipa. Naye awaambie siku hiyo kabla ya Jumapili ijayo.